Faida Isiyoyumba ya Kinu cha Kosele

Jumatano, 1 Juni 1966
Mimi Zadock, karani wa kampuni yetu ya kinu cha mahindi, nimevumbua dawa: faida isiyoyumba. Kinu chenyewe mwezi huu huleta shilingi mia mbili, mwezi ule arobaini. Nani atalala usingizi na hesabu inayorukaruka hivyo? Kwa hiyo tangu Januari kila mwezi nawasomea wanahisa faida ya shilingi mia na ishirini, na kuwagawia. Mvua, jua, mia na ishirini! Wananiita mheshimiwa.

Tatizo dogo. Sandukuni zimebaki thelathini na moja, na mgao ni Jumapili.

Ijumaa, 3 Juni
Mungu hamtupi mja wake! Mama Rispa, jirani yangu mjane, ameuza mtamba wake wa pekee na kununua hisa za shilingi mia. Anasema ng'ombe huugua, lakini faida yangu haijawahi hata kukohoa. Tukacheka.

Alipoondoka nikakumbuka kwamba mtamba ule ndio karo ya binti yake. Niliona aibu, nakiri. Lakini aibu haigawiwi wanahisa. Pesa nimezitia sandukuni.

Jumapili, 5 Juni
Mkutano. Nikasoma mia na ishirini, nikagawa. Makofi! Ndipo Javan, fundi wa kinu, akasimama. Mnafiki, anautaka ukarani wangu! Akauliza kwa upole: Mei mkanda ulikatika, kinu kikalala wiki mbili, kina mama wakarudi nyumbani na mahindi yao vichwani; faida ni ile ile kwa nini?

Nikajibu kwamba huo ndio uthabiti.

Mama Rispa alikuwa na shilingi zake nne mkononi. Akazitazama, akaniuliza, nyathina, mwanangu, hizi si za ng'ombe wangu? Nilitaka kukana. Lakini sanduku likafunguliwa: zimebaki kumi na moja tu.

Baiskeli yangu imeuzwa pale pale, arudishiwe zake. Karani ni Javan.

Jumanne, 7 Juni
Nimewaza siku mbili. Yule mama aliniamini, nami nikamlisha ng'ombe wake mwenyewe. Inaniuma kweli.

Kosa langu sasa nimeliona. Mia na ishirini kila mwezi! Mjinga gani huandika hivyo? Ningeweka mia na kumi na nane na senti thelathini, kisha mia na ishirini na moja na senti kumi.

Machuki wa Kehancha anataka kuanzisha kampuni ya kulima mashamba ya watu kwa ng'ombe. Nimeshamwandikia faida ya miezi kumi na miwili, na senti zake. Bado kununua plau tu.