Mahindi ya Siri ya Kanali Kiragu

Taifa zima, kuanzia wakuu wa majeshi hadi paka wa stoo, lilitakiwa kufahamu kwamba vita vya kisasa havipiganwi kwa risasi bali kwa ugavi. Kanali Kiragu ndiye aliyetangaza hivyo, pale Kamukuywa, mbele ya ghala jipya la akiba ya chakula. Alitangaza kwa moyo wote, maana cheo cha Brigedia alikuwa anakiona kwa macho.

Mageuzi yenyewe yalikuwa murua. Tangu zamani mahindi ya jeshi yalitoka Kitale, yakaanikwa juani kwenye maturubai, ambapo setilaiti ya adui ingeyahesabu punje kwa punje. Adui yupi, Kanali hakuwa na ruhusa ya kusema. Basi kuanika kukapigwa marufuku. Mahindi yatoke shambani moja kwa moja hadi ghalani, madirisha yazibwe, mlango utiwe lakiri hadi siku ya mazoezi ya Mlima Elgon.

Mama yake, Waruguru, aliyemsomesha kwa mahindi hayo hayo, aling'ata punje moja akaitema.

"Hii bado ni mbichi, Kiragu. Ukiifungia itaharibika."

Kanali akamweleza kwa upole kwamba ubichi ni istilahi ya kiraia.

Siku ikafika. Wanajeshi walikuwa tayari mlimani, wanangoja unga. Jenerali akaja, Waruguru akaketishwa viti vya mbele na leso yake mpya. Lakiri ikakatwa. Lo! Joto lililotoka humo ndani liliwarudisha wageni nyuma. Mahindi yalikuwa yameota, tena yamefanya ukungu wa kijani, rangi ileile ya sare. Wabwile, mlinzi wa ghala, mzaliwa wa Myanga kwa wapika pombe ya mahindi, akavuta pumzi ndefu kwa furaha ya mtu aliyefika kwao.

"Afande, hii sasa ni kimera," akasema. "Imebaki tu kupikwa busaa."

Kanali, jasho likimtiririka, akaeleza kwamba akiba imejificha yenyewe kwa kuvaa majani.  Jenerali alimgeukia Waruguru, akamuuliza kama yeye ana mahindi makavu. Anayo, magunia kwa magunia, aliyaanika kando ya lami huko Kitale. Mengine bado yako kwenye turubai.

"Na setilaiti, mama?" Jenerali akauliza.

"Ziliona. Hakuna hata moja ilikuja kununua."

Kesho yake Kanali na kamati nzima ya mageuzi walikuwa Kitale, suruali zimekunjwa, wakigeuza mahindi kwa miguu juani, mbele ya setilaiti zote za dunia. Waruguru alikuwa kivulini na chai yake, akiwakagua.

"Kiragu," akaita. "Toa soksi."