Bikarbonati ya Nyakabuye

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimepata mpango! Mwavita, jirani yangu muuza mandazi hapa Kamembe, ameishiwa bikarbonati. Ntabaza, mchuuzi anayeileta kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto, hajavuka wiki nzima. Safi sana. Nilimweleza Mwavita asili yake: Wazungu huitoa kwenye chumvi kiwandani, lakini zamani Wamisri waliiokota tu kando ya maziwa yao. Mimi nimesoma, darasa la sita kasoro kidogo. Akauliza kama kuna basi la Misri. Nikamjibu Nyakabuye inatosha: maji ya moto kule yanatoa povu yenyewe, na povu hilo ndilo bikarbonati. Ameahidi mandazi yakiumuka, Jumapili atakuja kula kwangu. Tangu mke wangu Béatrice afariki, sahani ya pili inashika vumbi.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi na bido mbili, yaani madumu, za maji ya Nyakabuye. Nimechemsha mpaka yakakauka. Unga mweupe! Nimeuonja. Hauna ladha yoyote. Bila shaka ni wa daraja la juu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Mandazi yamelala kama yamefiwa. Dereva wa lori la simenti aliuma moja, akashika shavu. Akasema huo unga ni chokaa, ndugu wa mawe wanayochoma kule Muganza kupata simenti. Soko zima lilicheka. Mwavita hakucheka.
“Papa Mulume, ungesema tu unatafuta muntu wa kula naye.”
Mimi? Nikamwambia nina marafiki kutoka hapa mpaka Kisangani, wanagombania mlango wangu. Akasema sawa. Jioni Ntabaza amevuka. Nimenunua pakiti yake, kwa siri.

Jumapili, 9 Machi
Maharage yalikuwa magumu, nikayatia bikarbonati ya Ntabaza yalainike upesi. Nikaongeza. Yakawa uji wenye harufu ya sabuni. Nikapanga sahani mbili hata hivyo.
Mchana Mwavita akaita kwenye uzio, amebeba bakuli limefunikwa. Harufu ya pilau!
“Papa Mulume, uko na bageni?”
Nikatazama sahani zangu. Nikamjibu nyumba imejaa, hata kiti hakuna. Akasema vizuri, akarudi kwake na bakuli lake.
Nimekula sahani zote mbili. Tumbo limejaa gesi. Nimekoroga bikarbonati kwenye glasi ya maji ya limau, ikaanza kunong'ona. Nimeisikiliza mpaka iliponyamaza.
Kesho Nyakabuye. Nimegundua kosa: bido mbili zilikuwa chache. Nabeba nne.