Mabeki Watatu Wanatosha

Jumatatu, 6 Mei

Tumefungwa tena. Sita kwa moja! Na hilo moja walijifunga wenyewe. Kiwanda kizima cha mikate kimenuna. Meneja ametangaza kantini kwamba tukipoteza Jumamosi dhidi ya wale wa kiwanda cha sabuni, uwanja wetu wa nyuma utamwagiwa kokoto na kuwa maegesho ya magari ya kusambazia mikate. Maegesho! Pale nilipofunga bao langu la pekee maishani! Roho iliniuma hadi nikashindwa kumaliza chai. Ile ya pili.

Tatizo nalijua. Mabeki wanne ni wengi mno. Wanagongana, wanaachiana mpira kwa adabu, kila mmoja anamwambia mwenzake tafadhali. Wawe watatu! Mimi ndiye kocha msaidizi, kauli yangu ina uzito. Kesho namweleza shemeji.

Jumanne, 7 Mei

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mchomaji wa tanuri kubwa, na ni kocha mkuu kwa sababu filimbi ni yake. Hakuna sababu nyingine. Nilimpangia mfumo juu ya meza ya kantini kwa mikate midogo: mitatu nyuma, mitano katikati, miwili mbele. Ulipendeza mno! Watu walisimama kutazama. Shemeji akauliza hawa wa pembeni wakipanda, nani anabaki kulinda. Nikamwambia hapo ndipo penye utamu wenyewe. Akauliza utamu upi. Nikiwa bado natafuta jibu, akamchukua beki wangu wa kati, akampaka siagi, akamla.

Akasema mabeki wamekuwa wanne tangu enzi za baba yake na watabaki wanne. Kantini ikacheka. Sawa. Tutaonana.

Jumatano, 8 Mei

Kama kocha hataki kupunguza beki, beki atapungua mwenyewe. Nimemchagua Kufuli, beki wa kushoto. Anaitwa Kufuli lakini kila mtu anamfungua. Kazini ni mkandaji unga. Na anayepanga zamu za wakandaji ni nani? Mke wangu!

Jioni, akiwa anakatakata vitunguu, nikamwambia kwamba Kufuli anatamani sana zamu ya Jumamosi mchana, ila ana haya, hawezi kuomba. Akaniangalia. Akauliza tangu lini nimeanza kujali haya za Kufuli. Nikasema mimi ni mtu wa watu. Akarudi kwenye vitunguu vyake. Imekubali!

Ijumaa, 10 Mei

Zamu zimebandikwa. Kufuli yumo! Nilipiga mluzi korido nzima. Kisha nikarudi kusoma vizuri.

Nilisahau jambo dogo. Kwetu wakandaji hufanya kazi wawili wawili, beseni moja, na anayekanda na Kufuli ni Nguzo. Nguzo, beki wetu wa kati! Mtu pekee kule nyuma anayejua mpira unaelekea wapi! Nikamkimbilia mke wangu abadilishe. Akasema zamu ikishabandikwa haibanduliwi, tena Kufuli na haya zake atavunjika moyo. Alisema bila hata kutabasamu. Sijui kwa nini wakandaji wote walianza kukohoa.

Shemeji akahesabu mabeki waliobaki. Wawili. Akanitazama kuanzia kichwani, akafika tumboni, akaishia hapo. Akasema haya, mfumo wangu umepita, kesho ni mabeki watatu, na wa tatu ni mimi.

Ushindi! Una kasoro kidogo, lakini ni ushindi.

Jumamosi, 11 Mei

TUMESHINDA! Historia lazima iandikwe.

Kipindi cha kwanza walitufunga mawili. Yote yalipita upande wangu, kwa sababu ya upepo. Wana winga mmoja, mpakiaji wa sabuni, alinipita mara nyingi hadi tukaanza kusalimiana. Meneja alikuwa pembeni na mtu wa kokoto, wanapima uwanja kwa hatua. Walipofika golini kwetu nilitaka kulia, sifichi. Nje ya uwanja ule, maisha yangu yote kiwandani ni kufunga mikate kwenye karatasi.

Wakati wa mapumziko mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kufuli na Nguzo! Aproni zao mwilini, weupe kwa unga! Unga ukishakandwa huachwa uumuke, na mke wangu aliwaambia unaweza kuumuka bila kutazamwa. Shemeji akatoa viungo wawili waliochoka, akawaingiza. Mimi nilisimama nyuma ya kipa ili asinikumbuke.

Wasiojua mpira wanasema tulicheza na mabeki watano. Hapana. Walikuwa watatu, na wawili wa ziada.

Winga hakupita tena. Ikaja kona, Nguzo akaruka, akapiga kichwa, wingu la unga likatimka, kipa wao akafumba macho. Bao! Kipa akiwa bado anajifuta, Kufuli akapiga shuti la mbali. Bao! Dakika za mwisho nilikuwa mbele kwa sababu za kimkakati: winga alikuwa nyuma. Shemeji akapiga kelele nirudi. Nikageuka kumuuliza anasemaje. Krosi ya Kufuli ikanigonga kisogoni, ikaingia.

Tatu kwa mbili! Walinibeba. Baadaye walinidondosha, lakini walinibeba! Meneja alirukaruka, akamwambia mtu wa kokoto aende zake. Uwanja ni wetu!

Jumapili, 12 Mei

Unga nao uliumuka bila kutazamwa. Ukajaa beseni, ukashuka sakafuni, ukafika mlango wa stoo. Leo mke wangu ametuita sote kuukwangua: mimi, shemeji, Kufuli na Nguzo. Akasema alijua hila yangu tangu siku ya vitunguu, na wale wawili aliwaachia kwa ajili ya uwanja, si kwa ajili yangu.

Shemeji, akiwa amepiga magoti na kikwangulio mkononi, akanieleza taratibu kwamba tumeokolewa na mabeki walewale niliowaondoa. Nikamsikiliza kwa heshima. Mke wangu akauliza kama nimejifunza kitu. Nikasema ndiyo, mengi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimewaza kutwa nzima nikifunga mikate. Bao la ushindi lilipatikana lini? Beki mmoja, yaani mimi, alipoondoka nyuma! Akiondoka mmoja tunapata bao moja. Je, wakiondoka wengi? Watatu ni wengi mno. Wawili! Sijui nilikuwa nafikiria nini wiki iliyopita.

Jumamosi ni zamu ya wale wa kiwanda cha magodoro. Jioni hii, mke wangu akiwa anamenya viazi, nimemwambia kwamba Nguzo anaonekana amechoka, anatamani mapumziko, ila ana haya kuomba. Amecheka hadi kisu kikamponyoka.

Imekubali!