Swichi Niliyoizima kwa Heshima

Ndugu zangu, leo nimejivua nguo mwenyewe mchana kweupe. Mbele ya Mkuu wa Chuo, mbele ya mama mkwe, na karibu niseme mbele ya marehemu. Naandika haya nikiwa nimekaa nje ya nyumba hapa Katubuka, kwa sababu nimeambiwa nanuka dizeli na ndani siingii.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuyatunza majenereta ya dharura ya chuo chetu. Ni haya yanayokaa kimya yakisubiri umeme ukatike. Liko la zahanati, la maabara, la pampu ya maji, na la ukumbi mkubwa. Umeme ukikatika yanatakiwa kuwaka yenyewe, bila kuitwa na mtu. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Saidi Gwimo, Mungu amrehemu, aliyeyatunza tangu yaliposhushwa kwenye gari. Baadaye akaniozesha binti yake. (Wapo wanaosema nilioa kwanza nikafundishwa kazi baadaye. Mungu anawaona.)

Mzee ametutoka. Arobaini imepita, eda ya mama mkwe imekwisha, na leo chuo kilipanga kumkumbuka pale ukumbini. Sasa, tangu afariki kuna maneno kwamba karakana yetu haina mtu tena, na kwamba majenereta yapewe kampuni ya kutoka Dar. Mkuu wa Chuo hakunificha. Juzi aliniita ofisini akaniambia, "Issa, Alhamisi wageni wote watakuwa pale. Nikiona mashine zinafanya kazi kama enzi za Mzee, zinabaki kwenu. Nikiona vinginevyo, usije kunilaumu." Mafundi wote wa karakana tunakula kwa majenereta yale, na wote walinikazia macho niliporudi. Jana sikulala vizuri.

Asubuhi nikavaa kanzu nyeupe, mpya, imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Nikayapitia majenereta moja moja. Dizeli ipo. Oili ipo. Maji yapo. Betri zina nguvu. La ukumbi nikalifanya la mwisho. Liko nyuma ya ukuta tu, chini ya madirisha. Hapo ndipo nikakumbuka kitu. Mzee alilipanga lile jenereta lijijaribu lenyewe kila Alhamisi saa nne. Linawaka, linanguruma kidogo, linazima. Na leo ni Alhamisi. Na saa nne ndiyo saa ya dua.

Fikiria shehe ameinua mikono, watu wameinamisha vichwa, halafu lile dude lianze kunguruma nyuma ya ukuta. Nikasema hapana, baba mkwe wangu hatafanyiwa hivyo. Nikafungua kisanduku, nikageuza swichi kutoka kwenye oto, ile ya kujiwasha yenyewe, nikaiweka kwenye zima. Dua ikiisha nitarudi kuigeuza. Dakika moja tu. Nikaondoka pale najiona mtu mwenye adabu kuliko wote chuoni. (Shetani siku hizi haji na mapembe. Anakuja na adabu.)

Gari lililokwenda Kidahwe kumchukua mama mkwe lilichelewa. Mkuu alikuwa na kikao kingine mchana, kwa hiyo akaagiza tuanze, mama atatukuta. Mapazia mazito yakafungwa ili picha ya Mzee ionekane vizuri ukutani, kubwa, amevaa ovaroli yake ileile, hacheki. Dua ikasomwa. Kimya kizuri. Nilimtazama Mzee pale ukutani nikamwambia moyoni, umeona, hatukukusumbua.

Dua ikaisha. Nikainuka niende nyuma kwenye swichi yangu. Mshereheshaji akaniona nimesimama, akadhani niko tayari.

"Na sasa tumkaribishe mkwe wa marehemu, ambaye ndiye mrithi wake kazini."

Watu wote wakageuka. Ningesema nini? Naombeni ruhusa, nina swichi? Nikaenda mbele.

Nilizungumza vizuri, siwezi kujidharau. Nilieleza Mzee alivyokuwa akiyafuta yale majenereta kwa kitambaa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nilieleza mvua ya masika ilivyotukuta tukitengeneza lile la pampu, naye akavua koti lake akaifunika betri badala ya kujifunika mwenyewe. Nilimpenda yule mzee. Kisha nikaona Mkuu ananisikiliza kwa makini, tama mkononi, na tamaa ikaniingia.

"Mzee alitufundisha neno moja," nikasema. "Ukiigusa mashine, usiondoke mpaka umeirudisha ulivyoikuta. Na mimi nasema mbele ya Mkuu, tangu Mzee aondoke, haijatokea hata mara moja..."

Umeme ukakatika.

Kipaza sauti kikafa. Mzee akatoweka ukutani. Giza. Na mimi, wallahi, kwa sekunde ya kwanza nilifurahi. Nikaona Mungu ameniletea ushahidi mwenyewe. Nikapaza sauti, "Msijali, ndugu zangu. Mtalisikia sasa hivi."

Tukasikiliza.

Lile la zahanati likawaka. La maabara likawaka. La pampu, kule bondeni, likawaka, tukalisikia kwa mbali likijisafisha koo. La ukumbi, lililo nyuma ya ukuta tunaouegemea, kimya. Mtu akakohoa. Nikasema tena, sauti imeshapungua, "Sasa hivi." Ndipo mkono wangu wa kulia ukakumbuka ulichokifanya asubuhi.

Nikatoka. Sikukimbia, maana mrithi hakimbii, lakini nilitembea ile ya mtu anayewahi choo. Nikausukuma mlango mkubwa, mwanga ukanipiga machoni, na pale kwenye ngazi nikakutana uso kwa uso na mama mkwe, Bi Tatu, anashushwa kwenye gari na kaka zake wawili.

Niwaeleze kitu. Mimi ni mtu wa Ujiji. Salamu za kwetu zina mwanzo na zina mwisho. Mama mkwe ni Muha wa Kidahwe. Salamu ya Kiha huwezi kuitupa ukipita. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa nyumbani, unauliza nyumbani, unaulizwa watoto, mvua, mihogo, na kila jibu lina makofi yake. Na huyu si mtu wa kawaida, ni mama mkwe, na ni mjane wa mzee aliyenifundisha kazi. Ukimruka huyo, afadhali uhame mkoa.

Nikachuchumaa na kanzu yangu.

"Mwakeye," nikasema, napiga makofi.

"Ego," akajibu polepole. "Nyumbani mmeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto kikohozi kimepoa?"

"Kimepoa, mama."

"Kimepoa kabisa?"

"Kabisa, mama."

Nyuma yangu mlango uko wazi. Ukumbi mzima uko gizani, unanitazama mgongo nikiwa nimechuchumaa, napiga makofi. Wajomba nao walikuwa hawajaanza. Mjomba mkubwa akaniuliza kuhusu mabati ya nyumba. Nilijibu kuhusu mabati. Nilihisi jasho likishuka mgongoni, na kila likishuka napiga kofi jingine. Mwisho mama mkwe akachungulia mle ndani, akauliza kwa upole uliouma kuliko tusi:

"Mbona giza? Mashine ya mume wangu haiwaki?"

"Itawaka, mama."

"Nipeleke nikaione," akasema. "Miaka yote ananisimulia, sijawahi kuiona."

Basi hata kwenda peke yangu nikakosa. Nikazunguka ukumbi na mama mkwe, na wajomba, na nyuma yetu Mkuu wa Chuo ameshatoka, na shehe, na wageni, na mafundi wenzangu wenye sura za watu wanaofukuzwa kazi. Tukafika. Wakasimama nusu duara.

"Kuna nini, Issa?" akauliza Mkuu.

Hapa, ndugu zangu, ndipo ningesema kweli ningekuwa sasa hivi ndani nakunywa chai. Swichi nilikuwa naiona kwa jicho la pembeni. Nikasema:

"Hewa, Mkuu. Imeingia hewa kwenye njia ya dizeli."

Hewa ni ugonjwa wenye heshima. Unampata kila fundi, hata aliyesoma Ulaya. Swichi iliyosahauliwa inampata mzembe. Kwa hiyo nikachagua hewa. Nikaagiza spana. Nikakunja mikono ya kanzu. Nikailegeza ile skrubu ya kutolea hewa pale juu ya filta, nikapampu kwa mkono mara kadhaa, nikatikisa kichwa kama daktari. Mkuu akasogea karibu aone. Nilitaka aone. Halafu, nikijifanya naegemea ili nipate nguvu, nikaigeuza swichi kwa kiwiko, ikarudi kwenye oto.

Nilichosahau ni kwamba ile skrubu nilikuwa bado sijaikaza.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilipoona imeruhusiwa na umeme haupo, ikafanya kile ilichofundishwa na Mzee Gwimo. Ikawaka palepale. Dizeli ikaruka kutoka kwenye filta kama bomba la maji lililopasuka. Kanzu yangu ikapokea sehemu kubwa, kuanzia kifuani kushuka. Iliyobaki ikampata Mkuu kwenye tai. Jenereta likakohoa, likatetemeka, likavuta hewa kupitia tundu nililolifungua mwenyewe, likazima.

Sasa lilikuwa na hewa kweli. Nilikuwa nimelisingizia ugonjwa, likaumwa.

Mkuu akatoa kitambaa, akawa anafuta tai taratibu, jambo lililoniogopesha kuliko kama angenifokea. Mama mkwe akanisogelea. Alisema kwa sauti ndogo, lakini pale nyuma ya ukuta kila neno linasikika.

"Mkwe wangu. Ulichokigeuza kwa kiwiko ni nini?"

Nilimtazama miguu, maana macho sikuyaweza.

"Swichi, mama."

"Nani aliizima?"

"Mimi. Asubuhi. Ingewaka yenyewe katikati ya dua, nikaona si heshima. Nikasema nitarudi."

"Na hiyo hewa?"

"Hewa haikuwepo, mama. Sasa ndiyo ipo."

Nikamgeukia Mkuu nikamwambia vilevile, maana uongo ulikuwa umeshanilowanisha vya kutosha. Nikamwambia jenereta halikuwa na kosa, Mzee hakuwa na kosa, karakana haina kosa, kosa ni langu na kanzu yangu. Mkuu akasema tu, "Liwashe."

Nikapiga magoti kwenye zege. Nikatoa hewa ile kama nilivyofundishwa, safari hii bila kutikisa kichwa. Nikapampu mpaka mapovu yakaisha na dizeli ikatoka safi, nikakaza skrubu, nikaikagua, nikaikagua tena, nikapisha watu pembeni. Nikageuza swichi kwa mkono, mbele ya macho yao wote. Likavuta pumzi, likawaka, likatulia kwenye ngurumo yake. Ndani ya ukumbi tukasikia kipaza sauti kikikwaruza, na kupitia mlango wa nyuma nikaona Mzee amerudi ukutani.

Mama mkwe akaweka kiganja juu ya bati la mashine. Akakiacha pale, mkono unatetemeka na bati linatetemeka.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Alikuwa akirudi nyumbani, ukimshika mkono unausikia huu mtetemo bado umo. Nilidhani ni uzee."

Akalia. Na mimi nikalia, na dizeli yangu, bila kujificha. Nilikuwa nimemhuzunikia Mzee tangu siku ile tunamzika, lakini sikuwa nimelia. Nilikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba naweza. Pale chini kwenye zege, baada ya kuonyesha mbele ya wote kwamba siwezi, machozi yakapata njia.

Mkuu alingoja tumalize. Ni muungwana, niseme kweli. Kisha akakunja kitambaa chake akakirudisha mfukoni.

"Mashine zinabaki kwenu," akawaambia mafundi wenzangu. Nikasikia mtu anashusha pumzi. "Nimeiona inaharibika na nimeiona inatengenezwa, na nimeambiwa ukweli, japo umechelewa. Ila nina sharti moja." Akaninyooshea kidole. "Huyu asiachwe nayo peke yake tena."

Mama mkwe akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akamtazama Mkuu kwa huzuni ya dhati kabisa.

"Mkuu," akasema, "sisi huyu tumemwachia mtoto wetu."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa kwenye kumbukumbu ya marehemu, watu wana adabu zao. Mafundi wenzangu waligeuka wote wakatazama ziwa. Shehe aliinama akafunga kiatu, na shehe alikuwa amevaa kandambili.

Basi nanyi nawaomba msinicheke, ndugu zangu. Mama mkwe analala kwetu leo, amemsimulia mke wangu kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kiwiko. Nawasikia wakicheka huko ndani. Hawahitaji msaada.