Mshale Uliokataa Kupanda

Jumatatu, 3 Juni
Nimemkosea Fundi Kipara. Nakiri. Themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, niliichomoa mimi kwenye gari la dada. Kwa siri. Tangu hapo mshale wa joto umelala chini, gari linabugia mafuta na kukohoa kila asubuhi. Dada anamlaumu Kipara, eti ndiye aliyelishika mwisho. Dada ni mkunga mkuu. Kaapa Jumatatu ijayo kliniki itamnyang'anya Kipara kazi ya magari yao yote. Nikaitikia kwamba mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Mdomo huu!

Lakini injini baridi haiungui. Nani anabisha?

Jumanne, 4 Juni
Mbinu! Nimeziba rejeta kwa boksi la sabuni. Mshale ukapanda. Dada akasema kumbe nina akili. Nina miaka hamsini na mbili, ndiyo mara ya kwanza.

Jumatano, 5 Juni
Mshale haukujua kusimama. Gari limechemka mlimani, moshi tele, dada kaenda kuzalisha kwa miguu. Mtoto salama. Dada hoi. Boksi nimelichoma.

Alhamisi, 6 Juni
Gari limevutwa hadi kwa Kipara. Kaongeza maji, kaliwasha, kashika mpira wa juu wa rejeta. Basi! Kasema themostati ingekuwemo, mpira ungebaki baridi kwanza, halafu ushike moto ghafla. Huu unapata joto polepole tangu mwanzo, kwa hiyo themostati haimo. Nikasema labda wezi. Akaniuliza mwizi gani huyo, shehe, anayeiba kidude cha ukubwa wa yai halafu anarudisha boliti na kuzikaza? Dada akafoka kwamba mwizi ni yeye Kipara. Kipara akanitazama mimi. Nikatazama matairi.

Ijumaa, 7 Juni
Mke wangu kaikuta themostati kwenye kopo langu la misumari. Kasema nisiposema mimi, atasema yeye, tena kwa kipaza sauti.

Sawa! Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitaikabidhi kwa Kipara mbele ya dada na kusema mwizi ni mimi. Siogopi mtu. Nimeshaisugua inang'aa. Tena nimeitoboa matundu matatu kwa msumari, ili injini isipate joto sana.

Kipara mwenyewe atanishukuru.