Kompresa Nyekundu na Mto wa Mchanga

Jumatatu, tarehe 6

Leo nimeokoa ukoo. Mpwa wangu, binti wa dada, amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya mbali, ng'ambo ya ule mto uliokauka ukabaki mchanga mtupu. Kazi hii ameisubiri tangu amalize chuo, huku akiuza vocha za simu. Sharti ni moja: aripoti Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Mabasi hayafiki huko. Dada alishampangia lori la mizigo la Ijumaa, akae juu ya magunia ya saruji. Nikakataa. Muuguzi hawezi kuripoti kazini na saruji kichwani. Nitampeleka mimi, pamoja na wazazi wake, Jumamosi alfajiri, kwa gari langu. Lori likafutwa.

Shemeji, baba wa binti, mtu wa kupima maneno utadhani anayakopa, akauliza kama gari langu siku hizi lina breki. Nimempuuza. Gari langu ni la milima na matope, matairi mapana, halijawahi kuniangusha. Ile mara lilizimika njiani lilikuwa linapumzika.

Jumanne, tarehe 7

Kuvuka mchanga ni elimu. Tairi gumu linachimba, tairi laini linaelea. Kwa hiyo unapunguza upepo kabla ya mchanga, unaurudisha baada yake, maana ng'ambo kuna njia ya mawe na tairi laini halina maisha juu ya mawe. Haya niliyajua zamani nikiendesha gari la wapima ardhi jangwani, ambako niliwahi kujaza tairi la trela kwa mdomo. Masikio yaliziba wiki nzima. Shemeji anasema mara ya mwisho nilipohadithia lilikuwa tairi la baiskeli. Nikamjibu kwamba wakati ule hakuwa bado mtu wa kuambiwa ukweli wote.

Ana pampu ya mguu, kuukuu, inalia kama mlango wa banda. Anataka niichukue. Nikamwambia zama hizi mtu hakanyagi upepo. Kesho nanunua kompresa, mashine ya umeme ya kujaza upepo.

Jumatano, tarehe 8

Duka la vipuri. Muuzaji ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinihoji kama nimeiba gari: matairi ya upana gani, nayapunguza mpaka wapi, nayarudisha mpaka wapi. Kisha akanitolea dude jeusi, zito, lenye nyaya nene za kubana kwenye betri. Hili ndilo la matairi yako, akasema, ila gari liwe linaunguruma. Sura ya lile dude kama jiko lililotupwa.

Pembeni nikaiona nyekundu. Ina mpini. Ina taa. Ina mkoba wa zipu na sindano za kujazia mipira. Unaichomeka tu kwenye tundu la kuwashia sigara. Mama akasema hiyo ni ya vigari vidogo, tena ikifanya kazi kidogo inataka kupumzika. Nikamwambia hata mimi nataka kupumzika, mama, na bado unaniona niko kazini.

Nimechukua nyekundu.

Alhamisi, tarehe 9

Siku ya majaribio. Nimejaza mpira wa watoto wa jirani. Nimejaza baiskeli ya muuza maziwa. Nimejaza godoro la upepo atakalolalia mpwa wangu huko aendako. Watu walikusanyika. Niliwaeleza habari za trela.

Baada ya chai nikatoa upepo kwenye tairi moja la nyuma, nikaanza kuurudisha. Chakula cha mchana kikapikwa, kikaliwa, vyombo vikaoshwa. Fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Shemeji akapita, akainama kuitazama geji ya upepo, akauliza kama yale matairi mengine yatajazwa mwaka huu. Nikamwambia upepo ukiingia taratibu unakaa. Akasema basi huo utakaa mpaka tuzikwe.

Ili kuichangamsha mashine nikawasha taa yake, feni ya gari na redio, vyote pamoja. Tap. Fyuzi imekwenda. Tundu limekufa na redio imekufa nalo, katikati ya taarifa ya habari.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimekata plagi. Nimechuna nyaya, nitazishikiza kwenye betri kwa vibanio vya nguo vya dada. Sasa ninalo lile dude jeusi bila kununua dude jeusi.

Ijumaa, tarehe 10

Lori limeondoka asubuhi. Mpwa wangu alisimama mlangoni akalitazama mpaka vumbi likatua. Kisha akaniuliza, kwa adabu zake, kama nina uhakika. Nikamwambia mwanangu, mjomba wako hana kitu kingine isipokuwa uhakika. Hakucheka.

Nikapakia sanduku, godoro, ndoo, jiko dogo. Chini ya kiti nikaikuta pampu ya mguu kwenye gunia. Nikaitoa. Baada ya muda nikaikuta tena. Nikaitoa. Dada akaja na mwiko mkononi akasema, kaka, ukiitoa mara nyingine utoke nayo, usirudi. Imebaki. Inachukua nafasi ya mtu.

Jumamosi, tarehe 11

Naandika nikiwa ng'ambo, chini ya ukuta wa zahanati. Mguu wa kulia unatetemeka wenyewe.

Tulifika kwenye mchanga jua limeshachomoza. Nikapunguza upepo. Shemeji akasema inatosha. Nikapunguza tena kidogo, kwa heshima ya kompresa. Matairi yakakaa kama mito ya kulalia. Nikaingia mchangani, na gari likateleza juu yake kama mjusi ukutani. Dada akauachia mlango aliokuwa ameung'ang'ania. Na katikati ya mto tukakuta nini? Lori la jana. Limezama mpaka kwenye ekseli, abiria wamelala kivulini mwa magunia yao. Nikapiga honi. Nikapunga mkono. Nikamtazama shemeji kwenye kioo mpaka dada akanikumbusha kutazama mbele.

Ng'ambo, mwanzo wa mawe, nikatoa nyekundu. Vibanio, nyaya, betri. Ikanguruma. Ikanguruma vizuri tu, kisha ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, kisha ikanyamaza, na tairi la kwanza halijafika hata nusu. Nikaona imepata joto. Nikaimwagia maji ya kunywa. Ikatoa sauti kama inanilaumu, na haikusema tena.

Taa iliendelea kuwaka. Hilo watu hawalitaji.

Mpwa wangu alikaa juu ya sanduku lake, sare imepigwa pasi, akilitazama jua linavyopanda. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu.

Shemeji alikunja mikono ya shati. Akaenda chini ya kiti, akafungua gunia, akaanza kukanyaga. Alipochoka, akapokea dada. Alipochoka dada, binti akavua viatu vyake vipya na kukanyaga pekupeku. Mimi nilishika geji, maana lazima awepo wa kusoma. Tairi la pili likisuasua, binti akaniita. Mjomba, akasema, na wewe kanyaga. Basi nikakanyaga. Nilikanyaga mpaka sikuwa na hadithi ya kusimulia.

Tulipoingia zahanati, muuguzi mkuu alikuwa anaitazama saa ya ukutani, na mlango wa ofisi umeshafungwa nusu. Binti akakimbia, viatu mkononi. Akapokelewa. Alipotoka alikuwa analia, akamkumbatia baba yake kwanza, kisha mimi. Kwangu alikaa zaidi. Shemeji anasema alinaswa na kifungo cha koti langu.

Jumapili, tarehe 12

Tumerudi. Mchanga tena, upepo nje, upepo ndani. Shemeji alikanyaga, dada alikanyaga. Mimi, kwa sababu ya mguu, niliwamulikia kwa taa ya kompresa, ingawa ilikuwa mchana.

Kushuka nyumbani wakasahau pampu chini ya kiti.

Jumatatu, tarehe 13

Nimetafakari. Binti yuko kazini. Lori, kwa habari nilizo nazo, bado liko mchangani. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa sahihi, ila mashine ilikuwa na moyo mdogo. Nikarudi dukani.

Mama wa miwani akaniona tu, akainama kulichukua lile dude jeusi. Lakini juu ya rafu kulikuwa na nyingine, ya fedha, inang'aa, na ndani yake kuna redio. Redio! Na ya gari langu imekufa tangu Alhamisi. Mama akaanza maswali yake. Nikamwambia mama, mimi ni mtu niliyevuka mto ule. Akavua miwani, akaniuzia. Pesa zilizopungua nikazifidia kwa kitu kikuukuu kilichokuwa kinanichukulia nafasi garini.

Jioni dada amekuja. Mwisho wa mwezi ukoo mzima unakwenda kumtembelea binti, na wameshakubaliana niendeshe mimi. Shemeji anauliza tu kama pampu yake bado ninayo. Nimemwambia awe na amani, najua ilipo. Iko dirishani mwa duka la vipuri, imefutwa vumbi na kutiwa mafuta. Haijawahi kupendeza vile.