Kanda ya Kwanza ni ya Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi

Iandikwe na ijulikane: leo nimekabidhiwa rula. Mkurugenzi kaniagiza mimi, msimamizi wa jengo, nichore ramani ya kanda za king'ora cha moto, itundikwe mlangoni kando ya kisanduku chake. Taa ya kanda ikiwaka kisandukuni, watu watazame ramani, wajue pa kukimbilia. Mkaguzi wa zimamoto anakuja Ijumaa. Akiridhika, cheo cha Mkuu wa Usalama ni changu. Asiporidhika, kinakwenda kwa shemeji yangu, fundi umeme wetu, mtu anayebandika bisibisi sikioni kama karani na kalamu yake. Yule! Cheo!

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja na elimu yake. Eti kisanduku kinahesabu kutoka chini: stoo ni kanda ya kwanza, na Mkurugenzi, ghorofa ya juu, ni ya sita. Nimecheka hadi chai ikanitoka puani. Mafagio yatangulie, Mkurugenzi ashike mkia? Wengine walizaliwa tu, hawakulelewa. Nimepanga kwa heshima. Mkurugenzi kanda ya kwanza, rangi ya dhahabu. Mhasibu ya pili. Stoo ya sita, kijivu.

Jumatano, 6 Machi

Ramani imetundikwa. Mkurugenzi kaiona dhahabu yake, kanipa mkono! Shemeji kanivuta pembeni: shem, kisanduku hakijui vyeo. Nikamjibu ndiyo maana kimening'inizwa ukutani, hakikupewa kiti. Nyumbani mke wangu kauliza kwa nini nisimsikilize kaka yake walau mara moja. Damu nzito kuliko maji. Nimelala nimegeukia ukuta.

Ijumaa, 8 Machi

Ripoti niliyopeleka inasema "hitilafu ya mitambo". Humu nasema kweli.

Nilikuwa stooni napiga pasi shati la kumpokelea mkaguzi. Nikasikia gari lake. Nikatoka mbio na shati la zamani, pasi nikaiacha imelalia lile jipya. Tunasalimiana tu, king'ora! Taa ya kanda ya kwanza! Mkaguzi na vijana wake wakasoma ramani yangu mara moja, maana imechorwa vizuri, wakapanda ngazi, wakavunja mlango wa Mkurugenzi. Wakamkuta kalala chali sakafuni, viatu kando. Wakadhani kazidiwa na moshi. Wakambeba mgongoni hadi uani, mbele ya wafanyakazi wote, huku bado anakoroma.

Moto wa stoo aliuzima shemeji. Peke yake. Cheo amepewa pale pale, na akathubutu kuniambia pole, shem.

Pole ya nini? Ramani ilisomeka. Kisanduku ndicho hakina adabu.

Mimi nimeachiwa vibao vya njia za kutokea. Nimeshaanza. Mlango mkubwa ni wa Mkurugenzi peke yake. Mhasibu, mlango wa nyuma. Shemeji nimempangia dirisha.